Mtani wa Babu Hajashiba

Babu yangu hakuwa na tabia ya kumuuliza mteja anataka kula nini. Mtu akiingia hotelini kwake, pale nyuma ya stendi ya Korogwe, babu alimtazama miguuni kwanza. Viatu vikiwa na udongo mwekundu, huyo kateremka Lutindi na gari la alfajiri, baridi ya mlimani imempiga, aletewe supu ya utumbo na ndimu. Vikiwa na vumbi mpaka kwenye kisigino, huyo katoka kwetu Handeni, aletewe wali maharage na mboga ya mchunga. Mama wa Mashewa aliyekuja kuuza mahindi aliletewa chai ya maziwa na maandazi mawili, moja la kula na jingine la kufunga kwenye khanga ampelekee mtoto. Sahani ikishatua mezani ndipo babu anasalimia.

Ningependa kusema kwamba alikuwa hakosei. Alikuwa anakosea sana tu. Kuna mwalimu aliingia kuulizia choo, akatoka ameshiba.

"Mtu mwenye njaa usimuulize," babu aliniambia. "Ukimuuliza anaanza kufikiri, na akifikiri chakula kinapoa."

Mimi ndiye niliyekuwa nabeba hizo sahani. Katika wahudumu wote wa stendi ile nilikuwa mbaya kuliko wote, na sisemi hivyo ili mnibembeleze. Mimi nina hasira. Nimezaliwa nazo, kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Wateja walikuwa wanasema nikiwanawisha mikono wanajiona kama wamekamatwa na polisi. Mtu akiniambia chai ina sukari nyingi, namwambia akae nayo itapungua. Babu alikuwa anacheka huko kwenye jiko la kuni, anawaambia watu, "Mvumilieni, huyo ni mke wangu mdogo, ana wivu."

Maana kwa babu mimi nilikuwa mke. Ndivyo babu na mjukuu wanavyotaniana kwetu. Bibi alishatangulia mbele ya haki mimi nikiwa mdogo, kwa hiyo nilikuwa mke wa pekee na nikajiona kweli. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo, daraja la mkiani, mama yangu alilia, mjomba wangu mkubwa akasema ada imeliwa na mchwa. Babu akapika pilau. Akawaita watu wa stendi, akawatangazia kwamba mke wake amepata nne wakati wenzake wengine wamepata moja tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa hajui au alikuwa anajua. Nilikula pilau ile nimenuna, nikaongeza sahani ya pili nikiwa bado nimenuna.

Halafu nikabeba mimba. Aliyenipa alikuwa utingo wa lori la mbao, mwenye meno mazuri. Siwezi kumwelezea zaidi, kwa sababu ukiondoa meno sikuwa nimechunguza kitu kingine. Nilipomwambia, namba yake ikawa haipatikani, na haipatikani hadi leo, na mimi kwa ujinga wangu niliendelea kupiga mpaka yule dada wa kwenye simu nikamzoea sauti.

Mjomba alikuja kutoka Handeni kunishughulikia. Alikaa hotelini, mikono mezani, akaanza, "Huyu mtoto ametuaibisha." Babu akamkatisha. Akaniangalia tumbo, akaniangalia usoni, akapiga mwiko kwenye sufuria.

"Mke wangu! Yaani mimi mumeo niko hai, natembea, nakoroga, wewe umenizunguka?"

Watu wote hotelini wakacheka. Mimi nikalia, halafu nikacheka, halafu kamasi likanitoka mbele za watu. Babu akamgeukia mjomba. "Aliyeibiwa mke ni mimi. Mwenye haki ya kukasirika ni mimi. Wewe kula." Akamsukumia sahani. Mjomba akala, na mambo ya aibu yakaishia hapo. Babu akanipa chumba cha nyuma ya jiko, na humo ndimo mwanangu alimoanzia maisha, ananuka moshi na iliki.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye babu hakumtazama miguu, kwa sababu alimjua kupita kiasi. Huyo ni mzee mmoja fundi viatu, Mnyamwezi, anayekaa na meza yake ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wetu. Baba yake aliletwa zamani kukata mkonge, akazaa hapa, akazikwa hapa. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu chako, kukuzushia ulevi, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe, na unatozwa faini. Kila asubuhi mzee yule alivuka njia na kikombe chake mkononi.

"Mzigua, bado hujafa? Nimefua kanzu ya msiba bure."

"Nikifa leo nani atakulinda usiibe vijiko?"

"Hivyo vijiko ni vya baba yangu. Na acha kuwatazama watu miguu, hiyo ni kazi yangu."

"Wewe unatazama soli. Mimi natazama tumbo, napitia miguuni."

Kisha wanakunywa chai kimya, mmoja hapa mmoja pale, kama watu waliokwisha kulipana.

Babu alifariki mchana, baada ya swala ya adhuhuri. Alijinyoosha kwenye benchi la ndani kama kawaida yake. Maharage yakaanza kuungua, nami nikiwa na mtoto mgongoni na sahani mikononi nikampigia kelele: "Babu, amka bwana, maharage! Unalala kama mtalii!" Nikapita, nikarudi, nikamfokea tena. Nilimfokea maiti, tena kwa sauti. Wateja walinisikia. Mpaka mzee wa viatu alipovuka njia, akamgusa mkono, akaniambia, "Ipua maharage, binti. Halafu njoo ukae."

Tukampeleka Handeni kijijini tukamzika. Masufuria makubwa ya hotelini yakaja nayo, maana msiba ule ulijaa watu kama mnada. Mimi nikapangiwa kuosha vyombo nyuma ya nyumba, kazi waliyoona siwezi kuiharibu. Mama zangu wadogo na mashangazi waliokuwa wanapita waliniambia, "Wewe mjane mdogo, mbona hutuchekeshi?" Maana kwetu mjukuu ana kazi yake msibani. Anatakiwa amlilie babu kama mume, aulize nani atamnunulia khanga, amwige marehemu alivyokuwa anakohoa, ili wafiwa wapate pa kupumulia. Mimi nilikuwa nao utani mwingi wa babu, miaka yote nimeulia ugali. Nikifungua mdomo hautoki. Kinachotoka ni maziwa tu, yananilowesha gauni, maana mtoto alikuwa hataki kunyonya kwa ajili ya kelele. Nikainama kwenye karai langu nikasugua sufuria ambalo lilishatakata.

Siku ya tatu, wanaume wakiwa kwenye mikeka chini ya turubai, nilimsikia mjomba. Turubai halizuii maneno.

"Hoteli tunaifunga," alisema. "Kuna mtu anataka ile fremu aweke spea za pikipiki. Tukimaliza arobaini anaingia."

"Na huyu mpwa wako na mtoto?"

"Watakaa hapa kijijini. Ataolewa."

"Na nani?" mwingine akauliza, wakacheka kidogo kama watu wa msibani wanavyocheka.

"Sasa nani atapika pale?" mjomba akasema. "Yeye? Huyu akichemsha maji yanaungua."

Hapo wakacheka hasa.

Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Kazi yangu ilikuwa kubeba sahani na kuwaudhi watu, jiko lilikuwa la babu. Lakini nilijiona, na mwanangu mgongoni, nimekaa kijijini kwenye baraza ya watu, nasubiri kuja kuolewa na mtu ambaye hata hajazaliwa mawazoni mwa mtu yeyote. Chumba kile cha nyuma ya jiko ndicho kitu pekee duniani nilichowahi kuwa na ufunguo wake. Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo.

Na ndipo watani wakaingia.

Walishuka kwenye Coaster kutoka Korogwe, wazee kwa kina mama, na mbele yao mzee wa viatu. Alikuwa amevaa koti la babu lililobaki hotelini na aproni juu yake, na upawa mkononi. Alikuwa anatembea kama babu hasa, goti la kulia linachelewa. Akapita kwenye mikeka anatazama watu miguu. Akasimama kwa shehe. "Huyu mwenye makobazi, aletewe uji, meno hana." Akasimama kwa mjomba. "Huyu viatu vinang'aa, hana kazi. Aletewe maji ya moto." Watu waliokuwa wamelia siku tatu wakaanza kujishika mbavu. Shangazi mmoja alianguka kwenye mkeka.

Na mimi? Mimi niliyekulia kwenye utani ule, niliyeusikia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki? Nilimtazama mzee mwenye koti la babu, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu. Akaja mpaka nilipo, akalichukua lile sufuria kubwa la supu, akalipindua kichwani kwake kama kofia.

"Hili langu," akasema. "Mzigua kafa na deni la supu. Naondoka na chombo."

Nikainua karai lote la maji ya vyombo, na ukoko na majani ya chai yaliyokuwamo, nikammwagia.

Mwanangu peke yake ndiye aliyecheka, mgongoni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Mzee wa viatu alisimama, wali unamtiririka kwenye ndevu. Akatoa sufuria kichwani polepole. Nilidhani atanizaba kofi, na ningemshukuru.

"Tumepata," akawaambia wenzake. "Mzigua amenuna."

Wakapiga vigelegele. Sasa ndipo akili ikanirudi, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, babu. Nisamehe." Kuomba msamaha kwa mtani ni kujiongezea kosa, na hilo nalo nilikuwa nimelisahau. Wakapiga vigelegele tena.

Wazee wakakaa. Upande wetu mjomba akasema kwa aibu kwamba atatoa kuku. Watani wakakataa kuku. Akasema mbuzi. Wakamwangalia mbuzi, wakasema amekonda kwa huzuni, wamwache apumzike. Mzee wa viatu alikuwa amekaa katikati, amefungwa khanga ya mama yangu, koti linaanikwa.

"Mimi nimemwagiwa makombo," akasema. "Basi nataka chakula. Anipikie huyu huyu, kwa mikono hiyo hiyo iliyonimwagia. Na sitaki hapa, nataka hotelini pale pale, kwenye benchi langu, kila asubuhi, mpaka niseme nimeshiba."

"Mzee wangu," mjomba akasema, "hoteli tunaifunga."

"Utaifunga mimi nikiwa ndani natafuna?"

Mjomba aliwatazama wazee wetu. Wazee wetu wakatazama mikeka. Adhabu ya mtani haikataliwi, labda uwe unataka wakija kwenye msiba wako wakuache ulale peke yako bila kicheko. Mjomba akaingiza mkono mfukoni akatoa funguo kama mtu anayejing'oa jino.

"Mpaka arobaini," akaniambia.

"Mpaka nishibe," mzee wa viatu akamsahihisha.

Nikarudi Korogwe na mtoto, masufuria na adhabu yangu. Asubuhi ya kwanza nilipika chapati. Nilikuwa nimemwona babu akizipika maisha yangu yote, na niligundua kwamba kuona hakusaidii. Unga ulinishika mpaka kwenye viwiko. Mzee alivuka njia, akakaa, akachukua chapati, akaikunja. Haikukunjika. Akaigonga mezani.

"Hii siili," akasema. "Hii nitaitia kwenye soli."

Akaila yote. Akainuka, akafuta mdomo. "Sijashiba." Akarudi kwenye meza yake.

Tatizo la mlango ulio wazi ni kwamba watu wanaingia. Makonda walioona moshi wakaja. Mama wa Mashewa wakaja na vikapu vyao, wakaniambia pole, wakakaa, wakasubiri niwatazame miguu. Basi nikawatazama. Ila siku hizi watu wanashushwa na bodaboda mlangoni, miguu safi, kandambili za aina moja kwa wote, huwezi kujua huyu wa mlimani au wa bondeni. Nilimpelekea supu ya utumbo kijana aliyekuwa amefunga sunna ya Alhamisi na alikuwa amekaa kwetu kusubiri basi tu. Nilimpelekea bibi mmoja mfupa ambao hata mbwa angeomba aelekezwe. Walikuwa wanarudi. Kwa muda nilidhani ninajifunza kupika, mpaka nilipomsikia konda akimwambia mwenzake, "Twende kwa yule dada mwenye hasira tukaone leo kaunguza nini."

Na kila asubuhi mzee wa viatu yupo kwenye benchi lake. Chai ina moshi. Maandazi yamelala. Maharage yanahitaji msumeno. Mwanangu alianza kusimama kwa kushika goti la mzee, naye alikuwa anamwambia, "Mama yako ananiua taratibu, wewe utakuwa shahidi." Akishasema ananiangalia, kama mtu aliyerusha mpira anasubiri urudi. Mimi nageuka, nakwenda jikoni, nakoroga kitu ambacho hakihitaji kukorogwa. Mpira ule alikuwa anaurudisha babu. Mimi sikuwa na mikono.

"Sijashiba," anasema, na anaondoka.

Kabla ya arobaini, mjomba akaja na pikapu ya kukodi kuchukua masufuria ya hitima. Nilijua kwamba safari hii yakienda hayarudi. Yule mtu wa spea alishapita kupima ukuta kwa hatua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba."

Akakaa. Nikamtazama viatu kwa mazoea: vinang'aa juu, vumbi kisiginoni. Nikamwekea wali maharage na chai.

"Sijaagiza," akasema.

"Hapa hakuna anayeagiza."

Akala. Alikula kama mtu anayekagua, kijiko kimoja, anaangalia dari, kijiko kingine. Dereva wa pikapu alikuwa ameshaanza kutoa sufuria la kwanza. Mjomba akafuta mdomo, akamgeukia mzee wa viatu.

"Mzee wangu, kesho tunamaliza msiba. Adhabu nadhani imetosha. Sema mbele ya watu, umeshiba?"

Nilikuwa nimesimama na jagi la kunawishia. Nilimjua yule mzee si mwongo, na chapati zangu, Mungu anisamehe, zilikuwa zinamuumiza kweli. Siku zile mbili za nyuma nilimwona akishika shavu. Angesema yametosha, nani angemlaumu?

Mzee akaniangalia. Akasogeza benchi lake nyuma.

"Kwanza mnyang'anyeni hilo jagi," akasema.

Makonda wakacheka. Akaendelea.

"Nimeshiba? Kwa chapati zile? Nazila tangu msiba, taya zimeota misuli. Watoto wangu wananiuliza, baba, umeanza kubeba vyuma? Ngumu, ngumu, ngumu! Nitashibaje na bado naikata ya kwanza?"

Akanitazama, kama kila siku. Nami nilikuwa nageuka kwenda jikoni, kweli, mguu ulishatangulia, na mdomo wangu ukafanya kazi bila kuniuliza.

"Chapati si ngumu, Mnyamwezi. Meno yako yamerudi Tabora, na hayakukuaga."

Halafu mzee wa viatu akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, akacheka kicheko cha kukohoa, na makonda wakaruka, na mama mmoja wa Mashewa akajifunika uso kwa khanga. Mjomba alikuwa na chai mdomoni. Ilimtoka puani. Mimi mwenyewe nilishika mdomo kama mtu aliyetapika, maana ulikuwa utani wa kwanza kunitoka tangu tumzike babu, na baada yake nilihisi kingine kinakuja, na kingine nyuma yake, foleni nzima.

"Kwenu kuna reli," nikamalizia. "Yafuate."

Mzee akatoa leso akajifuta macho. Alijifuta kwa muda mrefu, watu walipokwisha kucheka alikuwa bado anajifuta. Sikumtazama. Nilimnawisha mikono konda ambaye alishamaliza kula.

Dereva alikuwa mlangoni na sufuria la pili. "Bosi, na haya madogo yote tunachukua?"

Mjomba alikuwa anajipangusa shati. "Rudisha," akasema. "Masufuria ya hitima tutaazima kwa jirani."

"Na yule bwana wa spea? Kaniambia atakuja kesho kutwa."

"Mwambie atafute fremu nyingine. Huyu mzee hajashiba."

Dereva akarudisha sufuria jikoni huku ananung'unika kuhusu mafuta ya gari. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kupika kila siku ya maisha yangu. Nilikuwa na la kumwambia mjomba juu ya hilo, tena mengi, lakini chai ilikuwa inafurika, mtoto amejichafua, na mama wa Mashewa wameshakaa watano wanangojea.

Mjomba akasukuma sahani mbele.

"Mjomba, niletee chapati basi. Iwe laini."

"Laini hakuna," nikamjibu, nikaenda kuileta.